Call of Duty: Mobile kwa simu ya kawaida hapa Chuga: gemu ni bure, apdeti je?

Niaje machalii wa Chuga, niaje warembo, na nyie wa Moshi mnaojifanya hamtazami chaneli za Arusha, karibuni wote.

Leo nachambua Call of Duty: Mobile. Ila siichambui kama ilivyo kwenye matangazo, kwenye simu ya milioni mbili na waifai ya hotelini. Simu yangu ni hii, RAM GB 4, hifadhi GB 64, na kona hii ya juu kioo kina ufa, mnauona. Intaneti ni bando la laini. Na kitu ninachotaka kukipima zaidi ni apdeti zake, maana gemu hii tangu itoke duniani tarehe 1 Oktoba 2019 kuishusha ni bure kabisa. Hela yako inaondokea kwenye kuifuata inavyobadilika.

Kwa wageni, haraka haraka. Jina ni la Activision, kampuni ya Marekani, ila waliotengeneza ni TiMi, studio ya Tencent ya China. Mnacheza watano kwa watano kwenye ramani ndogo, au mnaruka kutoka kwenye ndege mkiwa watu 100 na anabaki mmoja au timu moja. Mimi ni mtu wa watano kwa watano. Hiyo ya watu 100, inayoitwa battle royale, nitaigusa tu.

Kuna mtu huwa ananiuliza kwa nini nachezea simu wakati mji umejaa vibanda vya PS. Ingia kibanda chochote Ngarenaro, Unga Limited au Kaloleni, utakuta ni mpira, mpira, mpira. Mpira watu wawili wanagawana kioo kimoja, mechi ikiisha mwenye kibanda anachukua chake. Gemu ya risasi ya mtandaoni kila mtu anataka kioo chake, akaunti yake na intaneti yake, sasa mwenye kibanda atapata nini hapo? Ndiyo maana gemu hizi huku kwetu zinaishi kwenye simu.

Haya, apdeti. Msimu mpya unakuja kila baada ya mwezi hivi na kidogo. Ukija, kuna kushusha mara mbili, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwanza Play Store: unabonyeza sasisha, inashuka, unaona umemaliza. Unafungua gemu, inakwambia kuna mafaili mengine ya kushusha ndani. Bando la siku linafia hapo.

Ngoja niwaonyeshe. Nafungua sehemu ya kushusha humu ndani ya gemu. Mnaona kila kitu kimekatwa vipande: ramani hii, ramani ile, mavazi, battle royale peke yake. Kuna kitufe cha kushusha vyote. Usikiguse. Mimi battle royale naifuta yote, nabaki na ramani ninazocheza kweli: Nuketown, Crash, Firing Range, Standoff. Modi nyingine zitafungwa mpaka nishushe ramani zake, na ni sawa tu. Mavazi ya ubora wa juu nayo sishushi, sijaja humu kwenye maonyesho ya mitindo.

Jambo la pili ni nafasi. Simu ikiwa imejaa, apdeti inaweza kugoma hata kama bando lipo, kwa sababu wakati wa kusakinisha inahitaji nafasi ya ziada ya kufanyia kazi. Fungua WhatsApp, futa video za send-off za kwenye grupu la familia. Nakuhakikishia zinakula hifadhi kuliko Nuketown.

Halafu, ambaye hajaapdeti hawezi kuingia mechi moja na aliyeapdeti. Skwadi yetu mmoja yuko Ngaramtoni, mmoja Kijenge, mmoja Usa River, na daima kuna ambaye bando limeisha siku hiyo hiyo msimu unafunguka. Tukikutana mjini tunarushiana. Play Store yenyewe ina sehemu ya kushirikisha programu, simu kwa simu, bila kutumia bando. Inasaidia nusu ya safari, kwa sababu inarusha programu tu. Yale mafaili ya ndani hayaji nayo. Zamani tulikuwa tunanakili folda nzima, ila kuanzia Android 11 folda ya data za programu imefungwa, programu za kawaida za mafaili haziigusi. Kwa hiyo mafaili ya ndani kila mtu atayashusha mwenyewe, na kwa hilo bando la usiku ndilo linalofaa. Weka simu kwenye chaji, omba umeme usikatike, lala.

Zile APK, mafaili ya kusakinisha gemu bila kupitia Play Store, za kwenye magrupu zinazosema zimefunguliwa kila kitu, hapana. Ukikamatwa nazo akaunti inafungwa, na hujui kuna nini kingine humo ndani wakati laini yako ya pesa iko kwenye simu hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Apdeti inaleta ramani, inaleta mavazi, lakini mchezaji anayejali anakimbilia kwanza kwenye marekebisho ya silaha, ipi imeongezwa makali na ipi imepunguzwa. Tangu mfumo wa Gunsmith uingie Agosti 2020, kila bunduki unaweza kuifunga vifaa vitano: mtutu, kitako, magazini na kadhalika. Muda mfupi baadaye watu wakagundua bunduki ya QQ9 ukiifunga magazini ya risasi za milimita 10 inaua mtu kabla hajageuka. Kila lobi ikawa QQ9. Kabla ya hapo kulikuwa na ile gobole HS0405, mtu anakaa kwenye kona anasubiri upite, risasi moja, umekwenda. Wakongwe mnakumbuka tulivyokuwa tunatukanana. Zote mbili zilikuja kupunguzwa makali.

Watu wanaona mabadiliko ya namba moja mbili wanasema hayo ni madogo. Hebu tupige hesabu. Kwenye watano kwa watano una uhai 100. Bunduki yenye madhara 34 inakuua kwa risasi tatu, tatu mara 34 ni 102. Wakiipunguza iwe 33, tatu mara 33 ni 99. Umebaki na uhai wa moja, na huo mmoja unamlazimisha adui apige risasi ya nne. Kama bunduki inatoa risasi 600 kwa dakika, risasi hiyo ya nne inakuja milisekunde 100 baadaye. Ndani ya muda huo mwenye bunduki ya risasi tatu ameshammaliza. Namba moja tu imeiondoa bunduki kwenye orodha ya zinazobebwa.

Kwa hiyo maelezo ya apdeti nikisoma, naangalia vitu vitatu: madhara na umbali yanapoanzia kupungua, muda wa kuinua bunduki hadi jichoni, na teke lake, yaani inavyoruka ukifyatua. Mengine ni maua.

Na hizo milisekunde 100 zishikilieni, maana zinatuleta kwenye ping, yaani muda ambao data yako inatumia kwenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha mechi, na kurudi. Hapa nyumbani Sakina, jioni, huwa inacheza kati ya milisekunde 130 na 160. Watu wanalaumu laini, wanabadilisha laini, ping iko pale pale. Sababu kubwa ni umbali. Seva tunazochezea hazipo Tanzania. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 za waya zinakuongezea milisekunde 10 kwenda na kurudi. Data yako inatoka hapa Arusha, inashuka mpaka Dar, inazama baharini, inapanda kuelekea ng'ambo, halafu irudi. Hata kampuni ya simu ikiwa na mnara sebuleni kwako, waya ule haufupiki. Na ukikatika ndiyo kabisa: Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku hizo hata meseji ilikuwa inahangaika, sembuse mechi ya mtandaoni.

Ping kubwa ndiyo inaleta kile kifo cha kuudhi: umeshajificha nyuma ya basi pale katikati ya Nuketown, unajiona salama, unakufa. Huyo mtu hajakuibia. Michezo ya namna hii seva humpa haki mpigaji kwa alichokiona kwenye kioo chake, na kwenye kioo chake wewe bado ulikuwa wazi. Kwa hiyo sisi wa ping ya juu, kuchungulia taratibu taratibu tukisubiri mtu atokee ni kujitafutia kifo. Anayetoka kwa kasi ndiye anayemwona mwenzake kwanza. Mimi niliacha kukaa kwenye kona, nikachukua bunduki nyepesi, nikawa mtu wa kuvamia. Angalieni hii mechi hapa... huyo... na huyo. Yule wa tatu amenipata, sawa, ana haki yake.

Mipangilio: shusha ubora wa picha uwe wa chini, pandisha kasi ya fremu mpaka simu yako itakapokuruhusu. Fremu 30 kwa sekunde maana yake picha mpya kila milisekunde 33. Fremu 60 ni kila 17. Ping huwezi kuibadilisha, fremu unaweza, kwa hiyo okoa kinachookoka. Majani yataonekana kama plastiki, potelea mbali. Na vua kava la simu ukicheza muda mrefu, ikipata moto inapunguza kasi yenyewe.

Pesa. Kila msimu una pasi, orodha ya zawadi yenye upande wa bure na upande wa kulipia. Bunduki mpya za msimu kwa kawaida unazipata upande wa bure ukicheza vya kutosha, na kwa hilo nawapa alama zao. Tatizo ni zile droo za bahati zenye mavazi ya silaha yanayong'aa. Vitu kumi, kila ukivuta bei ya mvuto unaofuata inapanda, na kile unachokitaka kwa kawaida kinakuja mwishoni. Ni bodaboda wa siku ya mvua: mvuto wa kwanza bei ya kawaida, unanogewa, ukifika katikati huwezi kushuka tena. Mimi siingii. Na yeyote anayekwambia atakuwekea CP, hela ya ndani ya gemu, kwa bei poa ukimpa neno la siri la akaunti, mblock hapo hapo.

Kabla hujaweka hela kwenye gemu yoyote ya simu, kumbuka pia kwamba zinakufa. Apex Legends Mobile ilitoka Mei 2022, ikazimwa Mei 2023. Warzone Mobile, ndugu kabisa wa hii ninayoichambua, ilitoka Machi 2024 na Mei 2025 ikaondolewa sokoni. Call of Duty: Mobile imewazidi umri wote hao, ila pasi ya msimu ukiinunua umeikodi, hujaimiliki.

Sasa, uishushe au usiishushe? Simu ya RAM GB 4 na kuendelea, ndiyo, kwa watano kwa watano haina mpinzani kwenye simu. Mechi ni fupi, inaisha kabla wali haujaungua. Simu ya GB 2 au 3, ilipotoka waliandika GB 2 inatosha, ila hiyo ilikuwa 2019 na gemu imenenepa kila msimu. Nenda Free Fire. Ni ya watu 50, mechi ni kama dakika kumi, na tangu 2017 imetengenezwa ikiwafikiria wenye simu ndogo, wanaoicheka acha wacheke. Kama unachotaka ni battle royale hasa, ya kutambaa kwenye majani nusu saa, PUBG Mobile na ramani yake ya Erangel ya kilomita nane kwa nane bado naipa kiti cha mbele, ila andaa betri.

Kama apdeti imekugomea, niandikie aina ya simu na nafasi iliyobaki, siyo "haifunguki" tu. Nitajibu. Mwana wa Usa River amepata bando, ananiita lobi hapa. Tuonane.