Xbox Adaptive Controller ukiwa na mkono mmoja: uzoefu wangu, Mtwara

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: hiki kidude, padi ya gemu ya watu wenye ulemavu, ni kizuri, kinafanya kile walichosema kinafanya, na kama una mkono mmoja au vidole havikutii vizuri na gemu unalipenda basi tafuta hela ununue. Ila kampuni za gemu zenyewe, hasa hizi za gemu za simu, aisee bado zinatuona wezi, na hilo nalo nitalisema humuhumu maana ni uzoefu uleule.

Mie mkono wa kulia unaishia chini kidogo ya kiwiko, ajali ya bodaboda barabara ya Mikindani, nilikuwa abiria. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mabanda ya PS, wananijua, Jumamosi nikishakaa kwenye kiti hunitoi mpaka nichoke mwenyewe. Baada ya ajali watu wakawa na huruma, ile huruma ya mtu kukupa padi halafu anakuachia makusudi upige goli, hakuna kitu kinaudhi kama hicho, bora unifunge saba nirudi nyumbani na hasira zangu. Na padi ya kawaida bhana imetengenezwa kwa mtu wa mikono miwili, gumba huku gumba kule, vidole vya shahada kwa nyuma, nimejaribu kuiegemeza gotini, kuibana na kidevu, nikaona hapana, nikahamia gemu za simu.

Sasa hii Adaptive Controller ni ya Microsoft, ilitoka Septemba 2018, kule Marekani kwa dola 99.99. Ukiiona mara ya kwanza hudhani ni padi. Ni kibao cheupe, urefu karibu sentimita 29, juu yake kuna batani mbili nyeusi za duara, kubwa kama visahani vya chai, pembeni batani za mishale na vibatani vichache vidogo. Utamu wenyewe uko nyuma, kuna matundu 19 ya pini ya hedfoni yamejipanga mstari mmoja, kila tundu ni batani yake ya padi ya kawaida, na ubavuni kuna tundu mbili za USB za joistiki, ya kushoto na ya kulia. Maana yake wao hawakuuzii padi, wanakuuzia mahali pa kuchomeka padi utakayoijenga mwenyewe kulingana na mwili wako ulivyo, kama una kidole kimoja tumia kidole, kama una kichwa tu tumia kichwa.

Na unaona kabisa walikaa na watu wenye ulemavu wakawasikiliza. Ilianzia 2015 kwenye mashindano yao ya ndani ya ubunifu, wakashirikiana na taasisi ya Warfighter Engaged inayowatengenezea vifaa vya kuchezea gemu wanajeshi waliojeruhiwa, baadae wakaingia AbleGamers wa Marekani na SpecialEffect wa Uingereza, nao ni taasisi za kusaidia walemavu wacheze gemu. Hata boksi lina vitanzi vya kuvuta ili ulifungue bila kung'ata na meno. Siku limefika nimelifungua sebuleni peke yangu, mama kasimama pale mikono inamuwasha kutaka kusaidia namwambia mama acha, acha kwanza, nikavuta kitanzi likafunguka. Nilivyofurahi pale utadhani nimeshacheza.

Shida ni kwamba ndani ya boksi hamna swichi hata moja wala joistiki. Unazo zile batani mbili kubwa na mishale, basi, vingine nunua. Logitech wana seti yao ya tangu 2019, swichi 12, nayo ilitoka kwa dola 99.99, sa piga hesabu hapo dola mia mbili na mzigo haujapanda hata ndege. Uje usafiri, uje VAT ya asilimia 18, na huyo mtu wa mizigo ukimwambia hiki ni kifaa cha mlemavu anakuangalia tu, yeye anaona gemu. Halafu kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 ndani ya buti la basi, mie siku hiyo nilikuwa stendi ya Mkanaledi mapema kuliko wapiga debe.

Swichi nilitengenezewa hapahapa mjini na ningependa sana mtu alie Lindi au Masasi au Newala alijue hili. Yale matundu 19 ni ya milimita 3.5, yaleyale ya hedfoni, na yanachotaka ni kitu kidogo sana, nyaya mbili ziguse basi imehesabu umebonyeza. Nikampelekea fundi redio mmoja karibu na Soko Kuu, mzee wa makamo, nikamwambia fundi nataka batani ya kukanyaga na mguu iingie humu. Akakigeuzageuza kile kibao akaniuliza "mwanangu, hii ya hospitali?" nikamwambia ya gemu, akacheka sana, akaniambia kaa. Akachukua swichi ya kengele ya mlango, ile ya kubonyeza inajirudi yenyewe, akakata waya wa hedfoni mbovu iliyokuwa kwenye kopo lake la vikorokoro. Waya za hedfoni ni nyembamba na zina rangi inayozuia umeme, ukizigusisha hivihivi hamna kitu, kwahiyo akaziunguza ncha kwa kiberiti, akakwangua na wembe, akaziunganisha kwa risasi ya kulehemu, dakika chache akanipa akasema kajaribu. Nikaichomeka kwenye kile kibao, kibao kwenye laptopu palepale, inakubali! Zikaja nyingine, tukazipigilia kwenye kipande cha ubao, sasa nacheza nimevua malapa. Bei ya swichi zote na ufundi haikufika hata robo ya hiyo seti ya dola 99.99, na ikiharibika fundi yupo, siandikii mtu imeili.

Kuhusu kucheza kwenyewe nitasema kwa kifupi. Mkono wa kushoto uko kwenye joistiki ya USB ya mtumba niliyoagiza Kariakoo (mjue si kila joistiki inakubaliwa, hakikisheni mnaweza kumrudishia muuzaji), kigutu kinapiga zile batani mbili kubwa, na hapa niwape heko maana batani inabonyezeka popote utakapoigusa, katikati au ukingoni sawa tu, kigutu hakina shabaha kama kidole. Mguu wa kulia una pasi ndefu na shuti. Mwanzo mguu na mkono walikuwa hawaelewani kabisa, nataka kupiga pasi napiga shuti kutoka golini kwangu, mtoto wa dada anagaragara chini kwa kicheko. Siku hizi hacheki. Namfunga na hajaniachia, namjua, yule mtoto hana huruma hata kidogo ndo maana napenda kucheza nae.

Wa PS5 wao wana ya kwao, Access ya Sony, ilitoka Desemba 2023 kwa dola 89.99, ya duara, inakuja na vifuniko vya batani vya kubadilisha humohumo ndani ya boksi na ina tundu nne za 3.5, kwa hiyo batani za fundi nazo zinaingia. Mie sikuichukua kwasababu ni ya PS5 na mie PS5 sina, nina laptopu.

Sasa tuje kwa hawa wengine.

Ule wakati wa simu kabla sijapata hiki kifaa nilikuwa nacheza gemu moja la kupigana risasi, jina sitaji, kampuni kubwa tu. Simu naiegemeza kwenye mto, gumba la kushoto linaendesha mtu, na kufyatua nimechomeka kitufe cha nje kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vitu vya USB kwenye simu, halafu kuna apu inayokifanya kile kitufe kiwe kama nimegusa kioo sehemu fulani. Gusa moja risasi moja, hamna cha ziada. Android yenyewe wanayo Switch Access kwa ajili ya watu kama sisi, na kwa kufungua meseji au kupiga simu iko vizuri tu, ila inapitisha kisanduku kwenye kioo wewe unasubiri kifike unapotaka ndo ubonyeze, kwenye vita kisanduku kikifika we ushazikwa zamani.

Siku moja nafungua gemu naambiwa akaunti imefungwa moja kwa moja, sababu programu isiyoruhusiwa. Nguo zote, bunduki za rangi, vitu nilivyonunua kwa hela halali msimu wa korosho malipo ya mnada yalipoingia, vyote vimeenda. Nikaandika huduma kwa wateja, likarudi jibu la mpendwa mchezaji tumepitia tena na uamuzi ni wa mwisho. Nikasema labda hawajanielewa, nikapiga picha ya mkono wangu, mkono huu ulivyo, na picha ya kitufe na waya wake, nikaeleza kila kitu kwa Kiingereza nilichomwomba mwalimu wa jirani aninyooshee. Jibu likaja ndani ya sekunde. Sekunde jamani! Hiyo picha hamna mtu aliyeifungua. Neno kwa neno lilelile la mwanzo, mpendwa mchezaji.

Kilichoniuma sio kufungiwa. Wezi wapo, nawajua, kuna watu wana apu zinazolenga kichwa zenyewe, hao hata mie nawaripoti. Kilichoniuma ni kwamba hela yangu walipoichukua hawakuuliza naipata wapi wala nabonyezaje, ila nilipobonyeza tofauti na walivyozoea ndo nikawa mtuhumiwa, na wa kunisikiliza hayupo. Mtu mwenye vidole kumi akifungiwa kwa makosa ana simu na vidole kumi vya kuanzisha akaunti mpya, mie nikianzisha mpya na kitufe kilekile nafungiwa tena kesho.

Na msidhani ni wa simu tu. Haohao Microsoft niliowasifia, Oktoba 2023 watu wakaanza kuona kwenye Xbox zao ujumbe wa kosa 0x82d60002, kwamba kifaa ulichochomeka hakijaidhinishwa, na kuanzia tarehe 12 Novemba hakitafanya kazi. Wiki mbili! Shabaha yao ilikuwa vile vifaa vya kudanganyia, sawa, ila kwenye wavu huohuo wakaingia walemavu wanaotumia adapta za bei rahisi na padi za kampuni ndogo ndogo, na wachezaji wenye ulemavu wakalalamika kwa sauti. Kampuni ileile, mkono mmoja unatengeneza kifaa cha mfano, mwingine unafunga mlango. Ndo maana nasema nia njema ya kitengo kimoja haitoshi kuitegemea.

Wa Sony nao. Akaunti ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation, kwa Afrika nchi iliyoko kwenye orodha yao rasmi ni Afrika Kusini peke yake, sie Tanzania hatumo, kwahiyo vijana huku wote wanajiandikisha kama wanaishi Marekani au Uingereza. Mei 2024 walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wawe lazima na PSN, gemu likaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, watu walishanunua na wanalicheza, mpaka kelele zikawa kubwa wakarudi nyuma ndani ya siku chache. Walirudi nyuma kwasababu waliolalamika ni wengi na wana mikono yote. Mlemavu mmoja wa Mtwara na kitufe cha OTG anapiga kelele gani akasikika?

Kwetu ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, hii ya pili inagusa mpaka maamuzi yanayofanywa na mashine bila mtu. Kwenye karatasi nafurahi. Ila kampuni haina hata ofisi Dar, nimpelekee nani hiyo karatasi.

Wala sidai makubwa. Weka sehemu moja kwenye mipangilio niseme natumia kifaa cha msaada, na kabla hujafunga akaunti ya mtu aliyesema hivyo, binadamu aangalie. PS4 waliweka uwezo wa kubadilisha batani ndani ya mfumo tangu 2015 na hamna kilichoharibika.

Kwa hiyo Adaptive Controller nawapa nne kati ya tano, hiyo moja nimekata kwa boksi kukosa swichi. Lile gemu la simu sifuri, na akaunti mpaka leo imefungwa.

Kwa watakaoenda kwa fundi: nunua swichi ya kengele, sio ya taa, ya taa ukiibonyeza inabaki imewaka kwahiyo mtu wako atapiga shuti mpaka umeme ukatike. Waya usiwe mfupi, mita moja na nusu hivi ili ufike miguuni ukiwa umekaa. Mwambie fundi apime na mita yake ya kupimia waya kabla ya kufunga, na pale waya unapoingia kwenye swichi aweke gundi ya moto, maana mguu unavuta na panakatika hapohapo.