Gitaa, amplifaya na pedali za roki nzito: uzoefu wangu hapa Kisumu

Nianze na amplifaya, maana huko ndiko pesa zinakofaa kutangulia. Natumia Orange Crush 35RT: wati 35, spika moja ya inchi 10, na haina valvu hata moja, zile taa za kioo za kukuzia sauti. Mashabiki wa roki watakuapia kwamba bila valvu hakuna uzito. Sawa, lakini wengi wao hawajasafirisha amplifaya ya valvu kwa basi la usiku kutoka Nairobi, ikarushwa na kila tuta hadi Ahero. Valvu ni kioo, na hata isipovunjika huchoka. Mimi sijawahi kukuta seti ya valvu za EL34 kwenye duka lolote la Kisumu. Ningekuwa nayo ikafa Ijumaa, onyesho la Jumamosi lingekwenda nayo.

Crush ina chaneli mbili, safi na chafu, yaani yenye mkwaruzo, na ile chafu ina moto wa kutosha kupiga rifu nzito (vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) bila pedali yoyote, visanduku vile vya kukanyaga vya kubadilisha sauti. Ninaishi Migosi, ukuta kwa ukuta na majirani, kwa hiyo usiku nachomeka hedifoni. Tundu lake limewekewa saketi inayoiga spika, na ndiyo maana sauti haitoki kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Tukifanya mazoezi na mpiga ngoma, wati 35 zinatosha kwa taabu. Hapo kinachokuokoa ni nobu ya midi, yaani ya masafa ya kati, kuliko ile ya sauti. Vijana wengi wanaoingia kwenye roki nzito hupandisha besi, hupandisha trebo, kisha midi wanaishusha hadi sifuri. Ukiwa peke yako chumbani utajiona jitu. Ukiingia kwenye bendi, besi yako inamezwa na gitaa la besi na ngoma kubwa, trebo yako inamezwa na matoazi, na gitaa halisikiki tena. Uzito wa gitaa unakaa katikati. Mimi midi naipandisha hadi robo tatu hivi na gini, nobu ya kuongeza mkwaruzo, chini kidogo ya nusu, na watu huniuliza nimetumia distoshoni (mkwaruzo) gani kali hivyo.

Kwa sababu hiyohiyo, pedali ninayoipendekeza kwanza si ya distoshoni. Ni Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani. Yangu ni TS9, muundo uliotoka mwaka 1982. Nobu ya draivu, ile ya mkwaruzo, naifunga kabisa, ya sauti naifungua yote, toni katikati, halafu naiingiza kwenye chaneli chafu. Inachofanya ni kukata besi kabla haijafika kwenye amplifaya na kusukuma masafa ya kati, kwenye hezi 720 hivi. Ukiziba nyuzi kwa kiganja ukapiga, mlio unatoka mfupi, mgumu, haujai matope. Ni pedali inayopendwa sana na wapiga bluzi, na bado sijapata pedali ya muziki wa metali inayoishinda kwa kazi hii.

Boss DS-1, pedali ya distoshoni ya rangi ya chungwa iliyoanza 1978, nimekuwa nayo pia. Kwenye chaneli safi naiona nyembamba. Ukiisukumia chaneli chafu inafaa. HM-2 ni habari nyingine. Boss waliitengeneza kuanzia 1983 hadi 1991, na wapiga death metal wa Sweden, Entombed wakiwemo, wakazungusha nobu zote hadi mwisho wakapata mlio wa msumeno wa injini. Mwaka 2020 ikarudi kwa jina HM-2W. Nimeipiga ya rafiki yangu wa Nakuru. Ni raha tupu kwa rifu tatu za kwanza, kisha kila wimbo unaanza kufanana na mwingine. Sinunui.

Kuna na ile ya bei rahisi, yenye efekti chungu nzima ndani ya kisanduku kimoja. Jina silitaji. Swichi ya mguu ilikufa mapema, fundi wa redio kule Kibuye akaweka ya kwake, na hiyo ya fundi inafanya kazi mpaka leo.

Gitaa langu ni Epiphone SG, na sababu kubwa ni humbaka, yaani pikapu ya koili mbili. Pikapu ndiyo sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, na ile ya koili moja hunasa mngurumo wa stima, na ukiongeza gini mngurumo nao unakua. Seth Lover wa Gibson alilitatua jambo hilo mwaka 1955 kwa koili mbili zilizopangwa kinyume, mngurumo wa moja ukafuta wa nyingine. Ila humbaka haikukingi na shoti. Kumbi kadhaa nilizopiga zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa ardhi haukuunganishwa popote; mkono uko kwenye nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni, ndipo unajua. Testa inakaa kwenye mfuko wa gitaa, na soketi isiyo na ardhi sichomeki.

Mwili wa SG ni mwepesi, kwa hiyo ukiachia shingo, kichwa kinaelekea sakafuni. Fundi viatu wa Kondele alinishonea mkanda mpana wa ngozi, upande wenye manyoya ukiwa ndani ili ushike shati. Dawa tosha.

Nyuzi nazilegeza zishuke nusutoni tatu, kama Tony Iommi wa Black Sabbath alivyofanya tangu 1971. Yeye alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa kijana, akatafuta nyuzi nyembamba na zilizolegea ili vidole visiumie. Mimi vyangu vipo vyote, nachukua nene, 11 hadi 54 (unene kwa elfu za inchi), la sivyo uzi wa sita unapwaya. Ukibadilisha unene hivyo, shingo irekebishwe. Na joto la ziwa pamoja na jasho hushikisha nyuzi kutu upesi. Zifute kila ukimaliza.

Mwisho, mtu wa mitambo ya sauti ukumbini. Masikio ya huku yamelelewa na benga, muziki wa dansi wa Waluo: gitaa safi, kali, liko juu, kama lile la D.O. Misiani na Shirati Jazz. Akisikia mkwaruzo wako atadhani kebo imeharibika, na atakachokata kwanza ni midi. Usimruhusu achukue sauti kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye pedali. Maikrofoni ikae mbele ya spika, kando kidogo ya kitovu chake. Mimi humpigia kwanza kipande cha benga kwenye chaneli safi, anipandishe vizuri, halafu ndipo nakanyaga swichi. Hakikisha tu chaneli zote mbili umezipima sauti sawa, maana ile chafu ikiruka juu ghafla atakushusha na hatakurudisha.