Uzoefu wangu na Cupramine kwa kangaja wapya: dawa ni nzuri, mradi uwe na kipima shaba

Cupramine ya Seachem ndiyo dawa ya shaba ninayowapa samaki wapya wa maji ya chumvi, hasa kangaja (surgeonfish), kabla hawajaingia tangi kuu. Naipa nyota nne kati ya tano. Inammaliza Cryptocaryon, kimelea wa vidoa vyeupe, na pia Amyloodinium, ambaye ni hatari zaidi kwa sababu anashambulia matamvua kwanza na anaweza kuua kabla hujaona lolote kwenye ngozi. Nyota ya tano nimeibana kwa kuwa nafasi kati ya shaba inayotibu na shaba inayodhuru ni finyu, na chupa peke yake haikuambii umesimama wapi.

Lebo inasema mililita 1 kwa kila lita 40, subiri saa 48, kisha rudia. Hapo unafika miligramu 0.5 za shaba kwa lita. Chupa ya mililita 100 inatibu lita 2,000, kwa hiyo mwenye tangi dogo la karantini hatainunua mara kwa mara. Tatizo huanzia kwenye hesabu ya lita. Tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linauzwa kama la lita 96. Ukilijaza hadi sentimita 35 una lita 84, na vifaa vikishachukua nafasi yake unabaki na 80 hivi. Dozi yake ni mililita 2. Anayepiga hesabu kwa 96 anatia 2.4 mara mbili na kutua kwenye 0.6, na kangaja ndiye atakayemwonyesha tofauti kwa kususa chakula. Tumia bomba la sindano lisilo na ncha. Kuhesabu matone ni kubahatisha.

Kwa kangaja aliyefika akiwa safi, mimi huenda polepole kuliko lebo: mililita 1 kila asubuhi kwa siku nne katika lita hizo 80. Jumla ni ileile, lakini matamvua yanapata muda wa kuzoea. Mwenye vidoa tayari nampa kwa mwendo wa lebo.

Kipimo ninachokiamini ni Hanna HI702, kile kidogo cha kidijitali kinachosoma hadi miligramu 5 kwa lita. Vile vya kulinganisha rangi kwa macho sivitaki kwa kazi hii, maana kati ya 0.25 na 0.5 unaona buluu na buluu nyingine. Hata Hanna ina mipaka yake: usahihi wake ni 0.05 juu au chini, pamoja na asilimia 5 ya namba iliyosomwa. Ikikuonyesha 0.50, ukweli uko mahali fulani kati ya 0.43 na 0.57. Ndiyo maana napima mara mbili, kwa kichupa kilekile, nikikifuta alama za vidole na kukigonga taratibu ili viputo vitoke. Pima pia maji kabla ya kutia dawa, ujue sifuri yako ni sifuri kweli. Wiki ya kwanza ni kila siku, baadaye kila siku ya pili. Paketi za unga wake wa kupimia huja 25, nazo huisha upesi kuliko dawa.

Sasa muda. Lebo inataka siku 14. Mimi huacha siku 30 samaki akibaki tangi lilelile, na sababu iko kwenye maisha ya kimelea wa vidoa vyeupe. Akiwa ndani ya ngozi ya samaki, siku 3 hadi 7, shaba haimfikii. Akidondoka na kujifungia kwenye kifuko pale chini, haimfikii vilevile, na humo anaweza kukaa wiki kadhaa. Shaba inamnasa wakati mmoja tu, pale watoto wake wanapotoka kwenye kifuko na kuogelea wakitafuta samaki, kazi ya siku moja au mbili. Kwa hiyo vidoa kuongezeka katikati ya tiba hakumaanishi dawa imeshindwa, na vidoa kupotea siku ya tano hakumaanishi amepona. Siku zinahesabiwa tangu ulipofika 0.5, na ukishuka chini ya 0.4 unaanza upya. Siku 14 nazikubali iwapo samaki anahamishiwa tangi jingine lililo safi na kavu kabla ya kujazwa, lisilochangia wavu wala mpira wa maji na la kwanza.

Shaba haipungui kwa mvuke. Maji yakikauka unajazia maji yasiyo na chumvi wala dawa. Lakini ukibadilisha lita 20, hizo mpya lazima zije na mililita 1 ya Cupramine tayari imechanganywa, la sivyo umeshuka hadi 0.38 na saa yako imerudi mwanzo. Ukiona 0.5 inageuka 0.3 bila kubadilisha maji, tafuta mawe, mchanga, makombe au kaboni (mkaa wa kuchujia maji). Chokaa hunyonya shaba, na ndiyo maana tangi la karantini linabaki tupu: vipande vya bomba la PVC vya kujificha, filta ya sponji, hita, basi.

Onyo moja kubwa kuliko mengine. Usichanganye Cupramine na dawa za kuondoa klorini au za kufunga amonia. Nyingi zinaigeuza shaba kuwa ya aina yenye sumu kali zaidi, na samaki hufa ndani ya saa chache huku kipimo kikionyesha namba nzuri. Maji ya mfereji yapitishe kwenye mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando wa kuchuja, yenye kaboni. Amonia ikipanda, dawa yake ni kubadilisha maji tu, yenye shaba ileile.

Na amonia itapanda kama sponji ni mpya. Iweke kwenye sampu (tangi la chini la kuchujia) ya tangi kuu wiki nne hadi sita kabla samaki hajaagizwa, ikae inakusanya bakteria wanaokula amonia. Hapa ndipo dawa hii inapolaumiwa bure: samaki anakufa siku ya tatu, mwenyewe anasema shaba imemuua, kumbe ni amonia, au ni mchoko wa safari. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, anavuliwa na wazamiaji wa pwani ya Kenya, lakini akifika Nairobi amepita mikono na mifuko kadhaa, tumbo tupu. Ndani ya mfuko pumzi yake imeshusha pH, na pH ya chini huifanya amonia isiwe kali. Ukifungua mfuko na kudondosha maji mapya kwa saa mbili, pH inapanda na amonia ileile inaanza kuunguza matamvua. Mimi namuuliza muuzaji kiwango chake cha chumvi mapema, naandaa karantini ilingane nacho, nauacha mfuko uelee dakika 15 kwa ajili ya joto, kisha namhamisha samaki bila maji ya mfuko. Chumvi naipandisha baadaye, polepole, kwa siku kadhaa.

Siku ya kwanza taa hazipunguzwi tu, zinazimwa kabisa. Pande tatu za tangi zibandikwe karatasi, juu kuwe na wavu maana kangaja huruka. Chakula ni nori (mwani mkavu) isiyo na viungo, mara mbili kwa siku. Naanza shaba pale tu anapokula, isipokuwa ana vidoa.

Kwa walio Nairobi kuna jambo ambalo maelekezo ya kigeni hayaligusi. Kwenye mita 1,700 na ushee, maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa. Samaki mwenye vimelea kwenye matamvua, akiongezewa shaba, hana akiba hiyo. Weka mawe mawili ya hewa, na pampu moja iwe ya betri inayojiwasha stima ikipotea. Hita nayo ni lazima, Julai hasa. Napendelea nyuzi 26.

Cupramine haitibu kila kitu. Minyoo bapa ya Neobenedenia inataka praziquantel, miligramu 2.5 kwa lita, na dozi ya pili baada ya wiki hivi kwa sababu mayai hayaguswi. Brooklynella, kimelea wa samaki klauni, inataka formalini, na inaua haraka mno kusubiri shaba ipande. Vidonda vyekundu vya kimelea Uronema kwa samaki wadogo wa chromis, shaba haivigusi. Papa na samaki aina ya taa usiwape kabisa, na Centropyge (samaki malaika wadogo) wape kwa tahadhari. Kwenye tangi lenye matumbawe, kamba, kaa au konokono haiingii hata tone. Kama vidoa vimeshafika huko, toa samaki wote uwatibu kando na uache tangi siku 76 bila samaki.

Siku 30 zikitimia, kaboni mpya huondoa shaba. CupriSorb ya Seachem pia. Endelea kumtazama samaki wiki mbili katika maji yasiyo na dawa. Sponji, hita na mabomba vya karantini visirudi tangi la matumbawe. Viandike herufi K, ya karantini, kwa rangi ya kudumu, hata kwenye ndoo.