Human Library: Huduma inayompa mtu nafasi ya kuuliza
Huduma ya Human Library, iliyoanza nchini Denmark mwaka 2000 katika tamasha la muziki la Roskilde, humwazimisha msomaji mtu badala ya kitabu: mkimbizi, asiyeona, au aliyewahi kukosa makazi, ambaye huketi naye kwa takribani nusu saa na kujibu maswali ambayo kwa kawaida tunayameza kwa kuona haya. Unaweza kumuuliza asiyeona anachaguaje shati asubuhi. Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba anayeulizwa amejitolea kwa hiari yake na anaweza kukataa swali, hivyo udadisi haugeuki kuwa umbea. Anayetarajia mhadhara hataridhika, kwani asipouliza hapati kitu. Muda, hata hivyo, ni mfupi. Maswali mazito huja watu wanapokaribia kuagana, na ningependa waandaaji waongeze angalau robo saa.