Gari la mtumba la milango miwili: la Ulaya au la Marekani?

Mnunuzi anayelinganisha magari ya milango miwili ya Ulaya na yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli (muscle cars, yenye injini kubwa zenye nguvu) kwa kawaida huanza na nguvu za farasi, na hapo ndipo hesabu yake inapoharibika. Kwa gari la mtumba ambalo dhamana ya kiwandani imekwisha, mimi napanga kwa mambo mawili: barabara utakayopita kila siku, na bei ya vipuri siku gari litakapolala kwa fundi.

Nafasi ya kwanza naipa Ford Mustang GT ya kuanzia mwaka 2018. Injini yake ya V8 (silinda nane) ya lita 5.0 haina tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), inatoa nguvu za farasi 460, na huko Marekani hata fundi wa mji mdogo ameshaizoea. Lawama ya zamani kwamba Mustang inajua kunyooka tu na kutapatapa kwenye kona ilipata jibu mwaka 2015, Ford ilipoachana na ekseli ngumu ya nyuma na kuliacha kila gurudumu licheze peke yake. Kizazi hicho ndicho cha kwanza kutoka kiwandani kikiwa na usukani wa kulia, jambo lenye uzito kwa msomaji aliyeko Uingereza na kwa anayewaza kulipeleka gari Kenya, ambako gari la kawaida lenye usukani wa kushoto halipokelewi, wala lililozidi miaka minane.

Ya pili ni BMW 440i iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, na kwa anayeendesha kila siku kwenda kazini ningekuwa tayari kuipandisha iwe ya kwanza. Silinda zake sita zimepangwa mstari mmoja, zina tabo, na hutoa farasi 326 bila kelele wala ulafi wa mafuta. Tatizo liko kwenye sili za oili na sehemu za plastiki za mfumo wa kupoza injini, ambazo huchoka kwa joto. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti uhakikishe ni baridi, kisha mulika tochi chini ya kikombe cha filta ya oili utafute unyevu mweusi uliogandia vumbi. Mnyororo wa taimingi, unaoendesha vali za injini, uko nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo ikilazimu ubadilishwe, kazi ya kuufikia pekee itakugharimu.

Porsche 718 Cayman naiweka ya tatu, ingawa kwenye kona hakuna ya kuigusa kati ya hizi, kwa kuwa injini imekaa katikati, nyuma tu ya mgongo wa dereva. Ina viti viwili. Mwenye watoto asijisumbue. Tangu 2016 ina silinda nne zenye tabo, na mlio wake umewaudhi wengi. Anayetaka silinda sita atafute GTS 4.0 ya kuanzia 2020, au arudi kwenye Cayman za kabla ya 718.

Dodge Challenger R/T ni ya nne. Ina uzito wa karibu kilo 1,900, hivyo hula tairi na breki, lakini watu wazima wanakaa nyuma bila kukunja shingo, na buti linameza masanduku ya safari. Ukisikia injini yake ya lita 5.7 ikigonga tik-tik na mlio huo hauishi hata baada ya kupata joto, huenda tapeti na kemshafti, sehemu zinazofungua vali, zimeanza kulika: ondoka.

Ya mwisho ni Chevrolet Camaro SS ya 2016 hadi 2024. Inashika barabara kuliko Wamarekani wenzake, ila madirisha yake ni membamba kama mianya ya ngome. Kabla ya kutaja bei, omba ulirudishe nyuma kwenye maegesho yaliyojaa, bila kutegemea kamera.