Mashine ya wembe: ifungue kwanza, uione skrubu yake

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi namnyoa baba yangu ndevu. Mikono yake ilianza kutetemeka miaka mitatu iliyopita, na mtu aliyejinyoa mwenyewe tangu ujana hakubali kukaa barazani na ndevu za siku nne. Zile za plastiki za kutupa hazitaki, anaziita vijiti. Basi nimejifunza kazi. Beseni la maji ya moto, taulo, brashi, sabuni, mashine yenye wembe wa pande mbili, na mwisho jiwe la shabu lililoloweshwa kufunga vijidonda. Dakika ishirini hivi. Redio inasema, sisi tunanyamaza. Nilianza kama mtu anayetimiza wajibu. Siku hizi nikisafiri, kitu ninachokikumbuka nyumbani Tanga ni lile povu.

Mwezi wa Aprili mambo yaliharibika. Nilikuwa nimemaliza shavu la kushoto. Nikafungua mashine kusuuza, nikairudisha, nikaikaza kidogo, nikasikia tk! Mpini ukatumbukia kwenye beseni, kichwa kikabaki kiganjani, wembe ukalala kwenye taulo begani kwa Baba. Skrubu imekatika, kipande kimebaki ndani ya mpini. Mashine ya shilingi elfu tisini, miezi mitano tu. Baba akajitazama kwenye kioo, upande mmoja mzee wa heshima, upande mwingine mvuvi aliyepotea baharini, akasema, "Mwanangu, leo sitoki."

Nilipoanza kuwasimulia watu nikakuta si peke yangu. Kaka mmoja wa Mombasa yake ilikatika vilevile. Mwingine wa Unguja haikukatika, ila meno ya skrubu yaliliwa mpaka kichwa kikawa kinacheza. Angalieni miji hiyo. Yote ya pwani.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia makali, uzito, wala mpini mrefu na mfupi. Hayo yameandikwa na kuandikwa. Mimi nina neno moja tu, nalo ni skrubu.

Aliyenifungua macho ni Baba mwenyewe. Alikuwa fundi wa injini za boti kabla ya kustaafu. Alikichukua kile kichwa, akakikwaruza kwa kisu pale kilipokatikia. Nje kulikuwa kunang'aa kromu. Ndani kijivu, na kwenye meno unga mweupe kama wa chaki. "Hii zinki," akasema. "Na mpini?" Akaukwaruza mpini: shaba ya manjano. Akacheka kwa sauti. Boti, akanieleza, hufungiwa vipande vya zinki karibu na propela kwa makusudi. Zinki na shaba vikigusana ndani ya maji ya chumvi, zinki ndiyo inayoliwa, shaba inasalimika. Ile zinki ni kafara, unajua itakwisha, ikiisha unafunga nyingine. "Sasa hawa mabwana," akasema, "kafara wameifanya skrubu."

Tangu siku hiyo sioni kingine. Mashine nyingi zinazouzwa leo, hata za majina makubwa, kichwa chake ni zamaki: zinki yenye aluminiamu kama asilimia 4 hivi na madini mengine kidogo. Jina lenyewe limetungwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesiamu na shaba. Inayeyuka kwa joto dogo, inamiminwa kwenye kalibu kwa urahisi, ikipakwa kromu inapendeza. Maadamu kromu ni nzima, hakuna neno. Lakini kwenye meno ya skrubu kromu haiwezi kubaki nzima, maana pale ndipo vyuma vinaposuguana kila siku, na ndipo maji yenye sabuni yanapojificha usiku kucha. Ongeza hewa yetu ya bahari na maji ya visima vya chumvi. Mtu wa Arusha au Nairobi huenda akaitumia mashine hiyohiyo miaka kumi na kunishangaa mimi ninapiga kelele za nini.

Sasa orodha.

Ya kwanza: Rockwell 6S. Sijapewa hata senti, lakini nimekuwa shabiki na sijifichi. Ni ya kampuni ya Kanada, na yote ni stenlesi: kichwa, sahani (kile kibamba kinachokaa chini ya wembe), mpini, mpaka skrubu. Hakuna zinki ya kuchinjwa. Inakuja na sahani tatu, kila moja ina pande mbili, kwa hiyo una namba 1 hadi 6 za kuchagua wembe ujitokeze kiasi gani. Kwa Baba, ngozi ya shingo imelegea kama kitambaa, natumia namba 2. Mume wangu anatumia 4 kwa mashine hiyohiyo.

Mume wangu ni kisa kingine. Miaka mingi alitumia mashine za nyembe nyingi na shingo yake ilikuwa uwanja wa vipele. Gillette walitoa ya nyembe mbili mwaka 1971, wakafika tatu mwaka 1998, na 2006 wakafika tano. Wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa nyuma unaukata, kisha kisiki kinarudi chini ya ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka, sawa. Kwa ndevu zetu za kujikunja, kisiki kikianza kukua kinapinda na kuchimba ngozi kutoka ndani, ndiyo kile kipele. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, basi. Anashuka nao kufuata ndevu zinakoelekea, hapandi nao kinyume, na shingo imetulia. Nilimwambia hayo kabla hatujaoana, hakunisikia.

Kasoro za 6S: ni nzito, zaidi ya gramu 100, ikidondoka sakafuni inavunja kigae. Na bei yake inauma, inazidi dola 100 kabla ya kusafirishwa. Halafu kuna mtego. Ipo ndugu yake, Rockwell 6C: umbo lilelile, mtindo uleule wa sahani, ila hiyo ni zinki iliyopakwa kromu. Herufi moja tu! Binamu yangu wa Dar alilipia S, akaletewa C, na alipouliza, muuzaji akamjibu kwamba "C ndiyo toleo jipya". Si kweli. C ndiyo ya bei nafuu.

Ya pili: Gillette Tech ya zamani. Ndiyo, ile ya babu zenu. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1930, vipande vitatu tu, na nyingi kichwa chake ni cha shaba. Shaba ndani ya shaba, hakuna anayemla mwenzake. Baba alikuwa nayo, iliyotengenezwa Uingereza, akanyoa nayo zaidi ya miaka thelathini mpaka ilipopotea tulipohama nyumba, na mpaka leo anamshuku mtu ambaye sitamtaja maana ni wa ukoo. Hizi hununui dukani. Unatafuta kwenye masanduku ya wazee, au unamwomba ndugu aliyeko Uingereza akutafutie ya mitumba. Ukiipata, iloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, isugue kwa mswaki wa zamani, kisha ifute kwa spiriti. Kama kuna rangi ya kijani kwenye shaba, hiyo inasuguliwa na kutoka. Unga mweupe wa zinki hautoki na kukuachia chuma; unatoka na chuma chenyewe.

Kinachonikera ni kwamba walioweza kuitengeneza ni haohao waliotupeleka kwenye nyembe tano. Mwaka wao wa kwanza sokoni, 1903, Gillette waliuza mashine 51 na nyembe 168. Walianza na kitu cha kukaa nacho maisha, kilichobadilishwa ni wembe tu. Leo kichwa kizima kinatupwa, na vichwa vinne vinakaribia bei ya kuku.

Ya tatu: Henson AL13. Hii nayo ya Kanada, ya aluminiamu, imechongwa kwa mashine badala ya kumiminwa. Nyepesi mno, kama gramu 37, Baba alipoishika aliniuliza kama ni ya mtoto. Wembe unabanwa sana na kujitokeza kidogo sana, kwa hiyo hata asiyejua pembe ya kushika hajikati hovyo. Kwa anayejifunza, au anayemnyoa mtu mwingine kwa mara ya kwanza, pengine ingekuwa ya kwanza. Mimi nimeishusha kwa sababu ndevu za wiki zinaishinda, inaziba. Usiioshe kwa jiki, aluminiamu na jiki hawaelewani.

Ya nne, na ninajua nitatukanwa: Mühle R89 na Merkur 34C. Mjerumani wote wawili. Kila mwongozo duniani unaziweka juu, na kwa kunyoa tu sina ubishi, zinanyoa kwa upole na uso unatoka safi. Lakini vichwa ni zamaki. Ukikaa bara, nunua na ulale usingizi. Ukikaa pwani, nunua ukijua una mnyama wa kufuga: kila ukimaliza kunyoa unaifungua yote, unafuta meno ya skrubu kwa kitambaa kikavu, unapaka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mchele, na huiachi bafuni. Na usikaze kama unafunga tairi la lori. Ikigusa, robo mzunguko, acha.

Za elfu kumi na tano, zile za kwenye meza za barabarani: zipo. Zinanyoa. Kama ndiyo uwezo wako, nunua mbili.

Dukani fanya hivi. Mwambie muuzaji afungue boksi, uifungue mashine mwenyewe vipande vyote. Angalia skrubu inakoota kwenye kifuniko, kile kipande cha juu cha kichwa: imechomekwa ya chuma kingine, au imemiminwa pamoja na kifuniko? Pitisha ukucha kwenye meno, yanapaswa kukwaruza. Ifunge pole pole. Isipoingia kwa vidole viwili bila kulazimishwa, irudishe. Sumaku haisaidii kitu, shaba na zinki zote hazishiki, na stenlesi nyingi vilevile. Anayekataa kufungua boksi ana sababu yake.

Na wauzaji wa mtandaoni, jamani. Kila kitu kwao ni "stenlesi orijino". Nimeuliza watano swali moja, skrubu ni ya chuma gani, nikajibiwa: "ni imara dada", "ni ya Ujerumani", "unahitaji ngapi?", kimya, na wa tano alinitumia picha ya boksi. Picha ya boksi!

Hao hao ndio wanaouza brashi za "nywele halisi". Halisi za nani? Brashi nyingi za bei ya kati zinazotoka Italia na Ureno ni nywele za nguruwe. Hakuna ubaya kwa asiyejali, lakini kumuuzia mzee Mwislamu wa Tanga brashi ya nguruwe apake usoni kabla ya kwenda msikitini bila kumwambia, huo ni uhuni. Chukua ya nyuzi za kutengenezwa viwandani. Inakauka upesi, haifugi harufu, na povu lake halina tofauti. Sabuni nayo uliza mafuta yake ni ya mnyama gani. Sisi tunatumia ya Proraso ya kijani, ina mkaratusi, Baba anasema inamfungua pua.

Povu likikataa kuumuka, usiilaumu sabuni. Maji ya kisima ya chumvi hayatoi povu. Kinga maji ya mvua, weka dumu moja kwa ajili ya kunyolea tu. Unahitaji kikombe kimoja kwa siku.

Nyembe sina maneno mengi. Zote za pande mbili zina kipimo kimoja na zinaingia kwenye mashine zote nilizotaja. Nacet ndiyo tunayotumia. Feather ya Japani ni kali kuliko zote nilizojaribu, kwa ngozi ya mzee nimeiacha. Baada ya kunyoa mara nne au tano tupa, na utupe ndani ya kopo lililofungwa, wazoa taka nao wana vidole.

Yule aliyeniuzia ile ya elfu tisini nilimtumia picha ya skrubu iliyokatika, ya karibu, na ule unga mweupe unaonekana wazi. Alichukua siku tatu kujibu. Akaandika: "Pole dada. Si utie tu gundi?"