Lenzi ya 70-300 ya mtumba usiku wa kupatwa kwa mwezi: uzoefu wangu Mwanza

Kama una kamera ya kawaida na unataka kupiga mwezi bila kuuza shamba, lenzi ya 70-300 ya mtumba (yaani ya zoom, ya kuvuta kutoka milimita 70 hadi 300) inatosha. Yangu haina kizuia mtikisiko na mwili wake ni plastiki tupu, lakini Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa wote, ndiyo niliyopanda nayo kwenye mawe ya Bwiru.

Swali la kwanza la kila mtu ni ukubwa. Kwenye 300, taswira ya mwezi juu ya sensa, kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, haifiki upana wa milimita 3. Kwa kamera yangu ya megapikseli 18 hiyo ni kama pikseli 640. Haijazi fremu, ila ukikata pembeni unabaki na picha ya kuonyesha watu, kreta ya Tycho (shimo kubwa la mwezini) na michirizi yake ikionekana waziwazi. Mwezi nusu ni mtamu kuliko mwezi mpevu, maana vivuli vinalala na milima inajitokeza. Mwezi mpevu anzia ISO 100 (wepesi wa kamera kuona mwanga), f/11 (tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata 1/100 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia). Unamulikwa na jua, kwa hiyo usiupige kama kitu cha usiku; ukiiachia kamera ijiamulie utapata sahani nyeupe.

Kupatwa ni habari nyingine kabisa. Siku ile kivuli kilianza kuumega saa 1:27 usiku, saa 2:30 ukawa umemezwa wote, ukabaki mwekundu hadi saa 3:52. Mwanga unaoufikia wakati huo ni wa jua lililopenya pembeni mwa dunia: hewa yetu inaupinda, bluu inatawanyika njiani, nyekundu inapita. Ni mwanga kidogo mno, na lenzi ambayo tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 hapo inaanza kuhema. Nilipanda hadi ISO 1600 na shata ya karibu sekunde 1. Zaidi ya hapo haifai, kwa sababu dunia inazunguka, na kwa 300 mwezi unahama pikseli 5 hivi kila sekunde. Picha zangu nyekundu zina chengachenga na kingo zake ni laini. Hapo lenzi hii naipa alama ndogo.

Fokasi otomatiki gizani isahau. Lenga kwa mkono mapema, mwezi ukiwa bado mweupe: kuza mara 10 kwenye skrini ya nyuma, zungusha pete taratibu mpaka ukingo wa mwezi uonekane mkali, kisha usiguse tena. Kasoro iliyoniudhi kuliko zote iko hapa: bomba la zoom linateleza. Mwezi ulipokuwa chini, juu ya vilima vya mashariki, hakuna shida. Ulipopanda nyuzi 40 na kitu, bomba likawa linarudi ndani lenyewe, 300 inakuwa 250 na fokasi inapotea. Dawa yake ni tepu nyeusi ya mafundi umeme, kipande kwenye zoom na kingine kwenye pete ya fokasi. Baada ya hapo ilitulia.

Tripodi iwe nzito, na tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Beba pia kitambaa kikavu, unyevu wa ziwa unaganda kwenye kioo cha mbele. Kitu kilichonisaidia bila kukilipia: mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wengi hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa kwenye mbalamwezi. Ziwa lilikuwa jeusi, na mwezi ulipofifia nyota zikajaa.

Kwa bei ya mtumba ningeinunua tena. Kupatwa kwa Agosti 28, 2026 ni kwa sehemu, kunaanza saa 11:33 alfajiri kwa saa zetu, na huku Mwanza mwezi utazama upande wa ziwa zaidi ya nusu yake ikiwa imemegwa. Sehemu yenye mwanga itatosha kwa ISO ya chini, na lenzi itakuwa imelala badala ya kutazama juu, kwa hiyo kwa kazi hiyo sioni haja ya kutafuta nyingine.